Grafu ya skeli ya logi imekugomea? Anza na dalili unayoiona kwenye skrini

Wanaochora fanksheni kwenye skeli ya logi, yaani mhimili ambao kila hatua sawa ni kuzidisha kwa 10, hulalamikia mambo yaleyale, awe mwanafunzi wa uhandisi, mwalimu wa fizikia anayeandaa mtihani au mtu wa maabara mwenye matokeo ya wiki nzima. Mstari umepotea. Mstari umepinda. Namba za pembeni hazieleweki. Nimeyapanga hapa kwa dalili, kwa kuwa mwenye grafu mbovu haoni chanzo, anaona dalili. Chini ya kila dalili nimetanguliza sababu inayotokea sana, na ukaguzi mwepesi unakuja kabla ya marekebisho mazito. Programu ninazozitaja ni Excel na LibreOffice Calc, gnuplot, Octave, na Python pamoja na Matplotlib.

Jambo moja lishike mapema. Logarithimu ya sifuri haipo, na ya namba hasi haipo miongoni mwa namba halisi. Kwa hiyo mhimili wa logi hauna sifuri popote, hata ukiurefusha namna gani. Programu nyingi zikikutana na thamani ya aina hiyo hazipigi kelele: zinaificha na kuendelea kuchora. Grafu inatoka nadhifu, ina kichwa na rangi, na sehemu ya data haimo. Mtu anaipeleka kwenye ripoti hivyo hivyo. Hilo linanisumbua kuliko hitilafu yoyote inayotoa ujumbe mwekundu.

Kabla ya yote: je, programu yenyewe ni nzima?

Chora y = x² kutoka 1 hadi 1000, mihimili yote miwili ikiwa ya logi.

Python (`np` ni NumPy, `plt` ni matplotlib.pyplot): `x = np.geomspace(1, 1000, 200)` kisha `plt.loglog(x, x**2)`

gnuplot: `set logscale xy` kisha `plot [1:1000] x**2`

Octave: `x = logspace(0, 3, 200);` kisha `loglog(x, x.^2)`

Kwenye lahajedwali, andika 1, 10, 100 na 1000 katika safu moja, vipeo vyake vya pili katika safu ya pili, kisha chora chati ya nukta za X na Y. Lazima upate mstari ulionyooka unaopita kwenye (1, 1), (10, 100) na (1000, 1000000). Ukiupata, programu haina kosa, na tatizo liko kwenye fanksheni yako, data yako au namna ulivyochagua nukta. Usipoupata, rekebisha hapo kwanza.

Dalili ya 1: Mstari umekatika, unaanguka wima, au grafu ni tupu

Sababu ya kwanza, na inaziacha nyingine mbali, ni sifuri au namba hasi. Kagua thamani ndogo kuliko zote: `=MIN(B:B)` kwenye lahajedwali, `y.min()` kwenye Python, `min(y)` kwenye Octave. Ikiwa ni 0 au chini yake, umempata mhalifu.

Sura ya tatizo hutofautiana kwa programu. Excel hutoa onyo kwamba thamani hasi au sifuri haziwezi kuchorwa sawasawa kwenye chati ya logi, na watu hubofya sawa na kusonga mbele. Matplotlib kwa kawaida huzibana thamani hizo ziwe ndogo mno, ndiyo maana mstari unaanguka wima hadi nje ya picha kana kwamba fanksheni imeporomoka. Ukiandika `plt.yscale('log', nonpositive='mask')` mstari utakatika badala ya kuanguka, na mkato ni ukweli zaidi kuliko anguko. Matoleo ya kabla ya 3.3 yalitumia jina `nonposy`, kwa hiyo msimbo wa zamani ulionakiliwa mahali unaweza kukataa kwa sababu hiyo tu.

Sababu ya pili ni mwanzo wa mhimili. Ukiandika `set xrange [0:100]` kwenye gnuplot pamoja na skeli ya logi, programu inakataa. Matplotlib inapuuza kikomo hicho na kutoa onyo. Anza na 0.01 au 0.1, kulingana na mahali fanksheni yako inapoanza kuwa na maana.

Ya tatu ni namba zilizosomwa kama maandishi, na hii inawapata sana wanaobadilishana mafaili kuvuka mipaka. Kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa, kama nyingi za Bujumbura au Lubumbashi, huandika 0,001 kwa mkato. Ya Dar es Salaam au Nairobi husubiri 0.001 kwa nukta. Faili likihamia upande wa pili, Excel huona maandishi, na maandishi kwenye chati huhesabiwa sifuri. Ukaguzi ni wa macho tu: usipobadilisha mpangilio wa seli, namba hukaa upande wa kulia na maandishi upande wa kushoto. Badilisha mkato kuwa nukta kwa kutafuta na kubadilisha, lakini kwenye nakala, maana mkato huohuo unaweza kuwa ndio unaotenganisha safu. Seli yenye fomula inayorudisha `""` nayo huchorwa kama sifuri. Ifanye irudishe `NA()` badala yake.

Ya nne ni ya gnuplot pekee. `plot 1/2*x**2` inatoa grafu tupu kwa kuwa gnuplot hugawanya namba nzima kwa namba nzima na kupata namba nzima: 1/2 ni 0, na 0 mara chochote ni 0. Andika `0.5*x**2` au `1.0/2*x**2`.

Ikiwa fanksheni yako kweli ina sehemu hasi, kwa mfano x³ − x, una njia mbili za uaminifu. Chora thamani yake isiyo na alama, `abs(y)`, ukitofautisha sehemu chanya na hasi kwa rangi au kwa mstari wa vitone. Au tumia skeli ya `symlog` ya Matplotlib, ambayo ni ya kawaida karibu na sifuri na ya logi mbali nayo, kwa pande zote mbili. Unaweka mpaka kwa `linthresh`. Mkunjo unaouona kwenye mpaka huo umeletwa na skeli, haumo kwenye fanksheni, kwa hiyo utaje mpaka chini ya grafu.

Na ukichora `abs(sin(x))` utaona miiba mirefu ikishuka karibu na kila zidisho la π. Miiba ni halali, lakini urefu wake hauna maana yoyote: unategemea nukta yako iliangukia karibu kiasi gani na sifuri halisi.

*Simama hapa.* Dawa inayopendwa na wengi ni kujumlisha namba ndogo, tuseme 0.0001, ili sifuri zipite. Usifanye hivyo kwa data ya vipimo. Ukiongeza 0.0001 umeamua wewe kwamba sifuri zako zikae hatua nne za mara kumi chini ya 1, ukiongeza 0.01 zinakaa mbili. Na mteremko wowote utakaoupima baadaye umeutunga mwenyewe. Kwenye maabara, "haikuonekana" haimaanishi 0. Inamaanisha chini ya uwezo wa kifaa kuona. Wingi wa virusi vya UKIMWI kwenye damu huchorwa kwa logi, na mgonjwa ambaye virusi vyake havikugundulika bado yuko mahali fulani chini ya kikomo cha kipimo. Data ya namna hiyo ipeleke kwa mtakwimu kabla ya kuchora chochote kitakachoathiri matibabu. Wana mbinu maalumu za vipimo vilivyo chini ya kikomo, na kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa kubofya menyu.

Dalili ya 2: Upande wa kushoto mstari umenyooka kama wa rula, au kilele kimepotea

Hapa kosa huwa kwenye mgawanyo wa nukta. Chukua `np.linspace(1, 10000, 50)`. Nukta ya kwanza ni 1, ya pili ni karibu 205. Kutoka 1 hadi 10, na kutoka 10 hadi 100, hakuna hata nukta moja katikati, na hizo ni nusu nzima ya upana wa mhimili wako wa logi. Programu imeunganisha nukta mbili kwa mstari, nawe unasoma mstari huo kama tabia ya fanksheni.

Ukaguzi: chora nukta zenyewe badala ya mstari, kwa kuongeza `'o'` kwenye Matplotlib au Octave. Zikirundikana kulia huku kushoto kukiwa tupu, jibu umelipata. Tiba ni kugawanya kwa uwiano: `np.geomspace(1, 10000, 200)`. Kuna `np.logspace` pia, lakini yenyewe inataka vipeo vya 10. Ni `np.logspace(0, 4, 200)`. Ukiiandikia `np.logspace(1, 10000)` unaomba 10 kipeo cha 10000, namba ambayo kompyuta haina pa kuiweka, na utarudishiwa `inf`. Octave nayo hutumia vipeo kwenye `logspace`. gnuplot hugawanya kwa uwiano yenyewe ukishaweka `set logscale x`, ila huchukua nukta 100 tu usipoiambia vingine. Kuandika `set samples 2000` hakuna gharama.

Lakini kugawanya kwa uwiano peke yake hakuokoi kilele chembamba, na hapa nawasihi wanafunzi wa umeme na mitambo wasipite haraka. Chukua fanksheni ya mwitikio

y = 1 / √((1 − w²)² + (0.02w)²)

ambayo kilele chake halisi ni karibu 50, w ikiwa karibu 1. Ichore kwa `np.logspace(-2, 2, 50)`. Nukta zilizo karibu zaidi na 1 zinaangukia w = 0.91 na w = 1.10. Thamani zake ni takribani 5.8 na 4.8. Grafu itakuonyesha kilele cha 5.8, laini, cha kuvutia, na kimepungua karibu mara tisa kuliko ukweli. Hakuna onyo lolote litakalotokea.

Ongeza idadi ya nukta mara kumi na uchore tena. Kilele kikipanda, bado hujafika. Ongeza tena mpaka kiache kusogea. Au weka nukta za ziada mahali unapojua kuna kilele:

`w = np.sort(np.concatenate([np.logspace(-2, 2, 400), np.linspace(0.9, 1.1, 2001)]))`

*Simama hapa.* Ikiwa grafu hiyo inahusu daraja, jengo, mashine inayozunguka au mfumo wa kudhibiti umeme, kilele kinasema mtetemo utakuzwa mara ngapi. Usikisome kwa macho kisha ukatoa uamuzi. Mpelekee mhandisi aliyesajiliwa, ukimpa fanksheni yenyewe na msimbo, maana picha peke yake haitamwonyesha nukta ulizoziruka.

Dalili ya 3: Nilitarajia mstari ulionyooka, nimepata uliopinda

Kwanza hakikisha umechagua mihimili inayofaa. Fanksheni ya kipeo, kama y = 3x², hunyooka mihimili yote miwili ikiwa ya logi. Ya eksponenti, inayozidishwa kwa namba ileile kila hatua, kama y = 3·2ˣ, hunyooka mhimili wa y pekee ukiwa wa logi: `semilogy` kwenye Matplotlib na Octave. Ukibadilishana hizi mbili, zote zinapinda. Jaribu zote, ni sekunde chache.

Kama bado umepinda, na mpindo uko chini kushoto ambako mstari unalala, tafuta namba iliyojumlishwa. y = x² + 5 kwenye skeli ya logi hulala kwenye 5 mpaka x² ipite hapo, ndipo inapopanda. Kwenye vipimo namba hiyo mara nyingi ni ile ambayo kifaa huonyesha hata kama hakuna kitu cha kupima. Ipime peke yake, kisha iondoe. Usiikisie hadi mstari unyooke; kwa njia hiyo karibu chochote hunyooka.

Sababu nyingine ni logi juu ya logi: umeshakokotoa `log10(y)` kwenye safu, kisha ukaweka mhimili nao kuwa wa logi. Dalili yake ni namba za mhimili kuwa ndogo isivyotarajiwa, na kila thamani iliyokuwa chini ya 1 kutoweka, kwa kuwa logi yake ni hasi. Chagua moja. Mimi hupendelea kuacha data kama ilivyo na kubadilisha mhimili, ili msomaji asome thamani halisi.

Kwenye Excel, huenda kilichopinda ni mstari wa mwelekeo pekee. Ukichagua mwelekeo wa kawaida wa mstari, kwenye mihimili ya logi unaonekana umepinda, na ndivyo unavyopaswa kuwa. Chagua ule wa kipeo kwa logi mbili, au wa eksponenti kwa logi moja ya y. Aina hizi mbili hazipatikani data ikiwa na sifuri au hasi kwenye y. Ukiona zimefifia kwenye menyu, rudi Dalili ya 1.

Kama umemaliza yote hayo na mpindo upo, huenda data haifuati kanuni uliyoidhania. Hilo ni jibu, na linafaa kuandikwa kwenye ripoti.

Dalili ya 4: Umenyooka, lakini mteremko au mahali ulipo si sahihi

Mteremko umekosewa kwa mara 2.303? Umechanganya logi asilia na logi ya 10, kwa kuwa logi asilia ya 10 ni 2.3026. Kwenye Python, Octave na gnuplot, `log` ni ya asilia na `log10` ni ya 10. Kwenye seli ya Excel ni kinyume: `LOG` ni ya 10 na `LN` ni ya asilia. Kikokotoo cha mkononi kinakubaliana na Excel. Kosa hili linajitokeza ukiwa umeweka logi upande mmoja tu. Ukitumia logi ya aina moja pande zote mbili, mteremko haubadiliki.

Mstari uko juu au chini kwa hatua moja kamili ya kumi? Angalia uandishi wa namba. `10e3` si elfu moja, ni elfu kumi. Elfu moja ni `1e3`. Vivyo hivyo `10e-3` ni 0.01.

Mteremko unapimwa kwa hatua za mara kumi, si kwa sentimita za skrini. Chukua nukta mbili zilizo mbali na ukokotoe log(y₂/y₁) ÷ log(x₂/x₁). Ukitaka kujipima kwa data halisi, tumia sayari. Utaridi iko umbali wa 0.387 kutoka Jua, umbali wa Dunia ukiwa 1, na huzunguka kwa mwaka 0.241. Neptuni iko umbali wa 30.07 na huzunguka kwa miaka 164.8. Uwiano wa miaka ni karibu 684, wa umbali ni 77.7, na mteremko unatoka 1.50. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu aliyoitangaza Johannes Kepler mwaka 1619, miaka mitano tu baada ya John Napier kuchapisha logarithimu zake. Nawapa wanafunzi zoezi hili kila nipatapo nafasi, kwa kuwa sayari zote nane hukaa kwenye mstari mmoja, na kwenye skeli ya kawaida zile nne za ndani zinasongamana kwenye kona wala huwezi kuzitofautisha.

Dalili ya 5: Ngazi ngazi chini kabisa, au mstari unatoweka juu

Hapa umefika mwisho wa uwezo wa namba za kompyuta. Chora 1 − cos(x) kutoka 10⁻¹⁰ hadi 1. Ulitarajia mteremko wa 2 mwanzo mwisho, lakini karibu na 10⁻⁷ mstari unaanza ngazi, na karibu na 10⁻⁸ unatoweka. Kompyuta hutunza takribani tarakimu 16. Cos ya 10⁻⁸ inapungua 1 kwa 5 × 10⁻¹⁷, tofauti isiyotosha kuandikwa, hivyo inapata 1 − 1 = 0. Kuongeza nukta hakusaidii. Badilisha fomula: 2·sin²(x/2) ni fanksheni ileile bila kutoa namba mbili zinazokaribiana, na inanyooka hadi chini kabisa. Kwa eˣ − 1 kuna `expm1`, na kwa logi ya 1 + x kuna `log1p`, kwenye Python na Octave.

Upande wa juu, namba kubwa kabisa ni karibu 1.8 × 10³⁰⁸. eˣ inaipita x ikizidi 709.78, na faktoria inaipita kwenye 171. Ukitaka kuchora faktoria ya 1000, kokotoa logi yake moja kwa moja kwa `gammaln` kwenye Octave au maktaba ya SciPy, au `lgamma` kwenye gnuplot, gawanya kwa 2.302585, kisha chora kwenye mhimili wa kawaida ukiandika kwamba namba za pembeni ni vipeo vya 10.

Dalili ya 6: Mambo ya Excel na namba za pembeni

Mhimili wa chini hauna chaguo la logi: umetumia chati ya mstari, ambayo huchukulia x kama majina tu. Badili iwe chati ya nukta za X na Y.

Pau za thamani zilizo chini ya 1 zinaning'inia kutoka juu, au mhimili wa chini umekaa katikati ya picha: mihimili inakutana kwenye 1. Ingia kwenye mpangilio wa mhimili wa wima, weka mahali pa kukutania kwenye thamani ya chini kabisa, tuseme 0.0001. Ila pau kwenye skeli ya logi sizipendekezi hata kidogo. Jicho hulinganisha urefu wa pau, na urefu huo unaanzia mahali ulipojichagulia mwenyewe.

Namba za pembeni ni 10⁰, 10¹, 10²: 10⁰ ni 1, si sifuri. Na katikati kabisa ya 1 na 10 ni karibu 3.16, si 5.5, wanaosoma thamani kwa kukadiria hukosea hapo mara nyingi. Washa mistari midogo ya gridi, kwa `plt.grid(which='both')`, `set grid xtics ytics mxtics mytics` kwenye gnuplot, au kisanduku cha gridi ndogo kwenye lahajedwali.

Na kama data yako yote iko kati ya 20 na 80, mhimili ukabaki na namba moja au bila namba, hakuna kilichoharibika. Data haijatimiza hata hatua moja ya mara kumi. Rudisha skeli ya kawaida.